Kifaa cha baridi shambani: tahadhari ije saa ngapi?

SWALI: Ninaishi Njombe mjini na nina shamba la viazi bondeni, wilayani Makete. Nimefunga huko kifaa kinachopima joto na kutuma taarifa kwa laini ya simu. Nimekipanga kirekodi na kutuma kila dakika 1, na kinitahadharishe joto likishuka chini ya nyuzi 0. Usiku mwingine meseji za tahadhari humiminika hadi nashindwa kulala, na betri huisha kabla hakujakucha. Lakini asubuhi moja ya Juni tulikuta majani yameungua kwa sakitu bila meseji hata moja, na rekodi inaonyesha kwamba joto halikushuka chini ya nyuzi 1. Je, kifaa ni kibovu?

JIBU: Hatuoni dalili ya ubovu, kifaa kimetekeleza ulichokiagiza. Katika usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi na majani hupoteza joto haraka, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutelemka na kutuama bondeni. Kihisi kilichofungwa kwenye mlingoti kimo cha kifua cha mtu kinaweza kusoma nyuzi 1 wakati jani lililo karibu na ardhi limekwisha kushuka chini ya 0. Weka kipimajoto kingine usawa wa majani kwa siku chache, uone tofauti ya shambani kwako ni nyuzi ngapi, kisha upandishe kiwango cha tahadhari kwa kadiri hiyo. Mpaka utakapoijua tofauti hiyo, tungeanza na viwango viwili: nyuzi 4 kwa tahadhari ya kwanza na nyuzi 2 kwa hatari, kwa sababu msimamizi wako anahitaji muda wa kuamka, kufika shambani na kufungulia maji au kufunika miche kabla majani hayajaganda.

Meseji humiminika kwa sababu joto hupanda na kushuka kwa sehemu ndogo ya nyuzi palepale mpakani, na kila linapovuka mpaka kifaa huhesabu tukio jipya. Dawa yake ni kuweka pengo: tahadhari ianze joto likishuka chini ya nyuzi 2, na isifutwe mpaka lipande juu ya nyuzi 3. Ongeza pia sharti la muda, yaani hali idumu dakika 10 kabla ya meseji kutumwa. Muda huo hupangwa kwa kuangalia madhara yanakuja kwa kasi gani. Katika majokofu ya chanjo, kwa mfano, masharti ya Shirika la Afya Duniani huruhusu saa 10 mfululizo juu ya nyuzi 8 kabla ya tahadhari, lakini chini ya nyuzi -0.5 ni dakika 60 tu. Kwa viazi vilivyo nje usiku, hata dakika 60 ni nyingi mno.

Kuhusu betri, tenganisha kurekodi na kutuma. Kurekodi hula umeme kidogo sana. Kinachomaliza betri ni kuwasha redio na kutafuta mtandao, tena baridi yenyewe hupunguza nguvu ya betri. Rekodi kila dakika 10, ambayo ni vipimo 144 kwa siku, utume mafungu kila baada ya saa 6, na tahadhari peke yake ndiyo iruhusiwe kutoka papo hapo. Kumbukumbu ikijaa, kifaa kifute vipimo vya zamani badala ya kuacha kurekodi. Kagua na saa yake: vifaa vingi huja vikifuata saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3, hivyo baridi ya alfajiri huonekana katika rekodi kana kwamba ilikuwa ya usiku wa manane.

Kifaa kilichozimika hakiwezi kukuambia kwamba kimezimika. Kwa hiyo tahadhari ya ukimya iwekwe upande unaopokea taarifa, ikujulishe fungu linapochelewa.

Mwisho, jaribu mpangilio wote mchana. Funga kihisi ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ukitumbukize katika kikombe cha barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, na ukoroge. Baada ya muda kisome karibu na nyuzi 0. Meseji ifike kwako na kwa msimamizi pia, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na shamba.