Barua Zenu: Eksosta ya Saa Sita Usiku

Mwalimu, hujambo? Nauza omena na samaki wa kukaanga hapa Nyalenda, Kisumu. Nyuma ya ploti yetu kuna kijito, na hatua chache kutoka kijitoni kuna kisima tunachochota sote siku mfereji ukikauka. Tangu mvua ianze, eksosta, lile lori la kunyonya vyoo, huja saa sita usiku, ikamwaga mzigo wa vyoo kijitoni, ikaondoka taa zimezimwa. Tumeandika majina 64 kwenye daftari la shule. Mwakilishi wadi anasema mikono yake imefungwa, hakuna sheria. Shemeji yangu aliye Pennsylvania, Marekani, anasema kwao wananchi walipiga kura maji safi yakaingia katika katiba ya jimbo. Sisi tuanzie wapi?
Mama Omena, Nyalenda

Sijambo, mama. Shemeji hakukudanganya. Pennsylvania walifanya hivyo mwaka 1971, na New York wakafuata 2021. Lakini usiwaonee wivu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kifungu cha 42 kinakupa mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuyatetea bila kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Kwa hiyo mheshimiwa akisema hakuna sheria, mpe kiti, mpe chai, kisha mfungulie ukurasa.

Mnachoweza kudai ni sheria ya kaunti inayombana mwenye lori. Inaombwa kwa ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, na kila mkazi ana haki ya kuipeleka bunge la kaunti: imo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, na utaratibu wake ukatungiwa sheria yake 2020.

Sasa nikuambie aibu yangu. Sisi wa mtaa wa Manyatta tuliwahi kupeleka yetu, nikiwa mwandishi, mimi niliyefundisha miaka thelathini na kukata watoto alama kwa kufutafuta. Ilirudishwa. Mtu alikuwa amekata neno "wezi" kwa kalamu akaandika "wahusika" juu yake, na karatasi ya namna hiyo haitakiwi kuwa na maneno yaliyokatwa wala kuchomekwa. Hatukusema kama kuna kesi mahakamani juu ya jambo hilo. Hatukusema tulikwisha kumlalamikia nani, akajibu nini. Na kurasa za sahihi hazikuwa na kichwa, majina matupu. Kijana wa mapokezi akazipekua, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, huu ni mchango wa harusi ya nani?"

Tukaanza upya. Kila ukurasa ukaandikwa juu yake ombi linahusu nini, kila jina likapata namba ya kitambulisho na sahihi au dole gumba. Nyanya mmoja alikataa wino katakata. Aliandika jina lake herufi moja moja, ulimi nje, na foleni nzima ikamngoja. Kwa hiyo daftari lenu la majina 64, samahani, lirudieni. Andikeni kwa Kiswahili, ni lugha rasmi. Matusi kwa mwenye lori yabaki kibandani.

Jambo linaloua maombi mengi ni ombi lenyewe. Mkiandika "tunaomba maji safi", kamati itakubaliana nanyi na kwenda kula chamcha. Uchafuzi wa mto unashughulikiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nao ndio watoao kibali cha kusafirisha taka. Huko pelekeni malalamiko siku hiyo hiyo, msingoje sheria. Kaunti imekabidhiwa huduma za maji na usafi. Basi iombeni kitu inachoweza kufanya: kila eksosta inayofanya kazi Kisumu iandikishwe, na langoni pa mabwawa ya maji taka kuwe na daftari linaloonyesha namba ya gari, saa na kiasi ilichomwaga. Lori likijaa mara kumi na daftari likaonyesha safari mbili, mwenyewe aeleze nane zilikwenda wapi.

Ushahidi unaanza leo. Andika tarehe, saa, namba ya gari. Msimvamie dereva usiku, na wewe usitoke peke yako. Andikieni kaunti barua ya kuomba orodha ya malori yenye ruhusa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa kaunti siku 21 kujibu. Maji ya kisima mwone afisa wa afya ya umma akusaidie yapimwe. Chupa itoke maabara, usitumie ya soda hata ukiiosha mara saba, na sampuli ikae kwenye barafu ifike siku hiyo hiyo. Barafu unayo, wewe ni mtu wa samaki. Ila kasha liwe jingine, tusije tukapima omena. Kwa sasa maji hayo yachemsheni, hata ya kuoshea vyombo vya wateja.

Mkipeleka, nendeni na nakala mbili. Moja mwachieni karani wa bunge, ya pili aipige mhuri wa tarehe mbele ya macho yenu. Mwakilishi wadi ataomba akutunzie. Mshukuru, kisha itie kwenye kopo la unga.