Jibu: Picha za pesa ya shaba ya Zanzibar kutoka na doa jeupe

Mkuu, hilo doa jeupe ni flashi, izime. Pesa hiyo, sarafu ya Sultani wa Zanzibar Sayyid Barghash ya 1299 Hijria (1882), ina mizani upande mmoja, na mizani hiyo inataka mwanga wa ubavuni ili michoro itupe kivuli. Kaa dirishani, jua lisiipige moja kwa moja, upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. Simu usiisogeze karibu mno na pesa, itaizibia mwanga. Ilaze simu juu ya vitabu viwili vyenye nafasi kati, pesa ikiwa chini kwenye nafasi hiyo, kuza picha mara mbili, weka taima ya sekunde 2.

Halafu tafadhali, pesa usiisugue kwa ndimu ipate kung'aa! Ule ukahawia wa miaka ndio wakusanyaji wanaoutafuta. Ishike ukingoni tu.