Binti yangu anasahau kila anachosoma

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha nne na mtihani wa taifa ni Novemba. Mwaka jana alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake, lakini siku hizi anarudia ukurasa mmoja mara tatu na hakumbuki kitu. Usiku halali, na kila asubuhi ya jaribio analalamika tumbo, ambalo hupoa kufikia saa sita mchana. Mwalimu wake anasema ni uvivu. Baba yake anataka tumwongezee tuisheni ya jioni. Nifanye nini?
Mama, Morogoro

JIBU: Mama, tumbo linalouma asubuhi ya jaribio na kupoa mchana si lazima liwe la kusingizia, kwa kuwa hofu huvuruga tumbo kwelikweli. Hofu hiyohiyo huathiri kumbukumbu. Mtu anaposoma, akili hushikilia mambo machache tu kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo ikijaa mawazo ya "nikifeli, nyumbani watasemaje", kanuni ya kemia haipati pa kukaa. Mwalimu aonaye daftari tupu huweza kuita hali hiyo uvivu, ingawa sijaona mvivu anayekesha kwa kuhangaikia masomo.

Kuhusu tuisheni, namwomba baba yake asubiri kidogo. Kijana wa umri huo anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10, na ni usingizini ambamo ubongo huimarisha yaliyosomwa mchana. Afadhali abadili namna ya kusoma. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionyesha kuwa wanafunzi waliosoma habari kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama, baada ya wiki moja waliikumbuka vizuri kuliko wenzao walioirudia kuisoma tu. Basi asome ukurasa mmoja wa biolojia, afunge kitabu, aandike anachokumbuka hata kama ni mistari mitatu, ndipo afungue na kujisahihisha.

Kwanza, hata hivyo, mpeleke akapimwe wingi wa damu, maana upungufu wa damu, ambao huwapata wasichana wengi, nao huleta uchovu na kumfanya mtu ashindwe kutuliza akili. Kisha zungumza naye mkiwa wawili tu, labda mnapochambua mchicha, na usianze na habari za alama. Iwapo huzuni, kukosa usingizi au kutopenda alivyozoea kupenda vimedumu kwa wiki mbili au zaidi, nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa mkaulizie huduma za afya ya akili. Jirani akisema mmempeleka kwa vichaa, msimjali: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Na akitamka, hata kwa utani, kwamba ni heri asingekuwapo, msimwache peke yake, na mfikisheni hospitali siku hiyohiyo.