Maswali ya Wasomaji: Nani Anashika Ufunguo wa Simu Yako ya Video?

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu programu za simu za video, na karibu zote zina shina moja: mtumiaji anaona kitufe au neno fulani kwenye kioo, anatakiwa aliamini, na hana njia nyepesi ya kujua linalofanyika nyuma yake. Nimechagua barua tano, na ile ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

Ndugu Mhariri, mimi ni mshauri nasaha, na siku hizi wengi wa ninaowahudumia nazungumza nao kwa simu ya video. Hunieleza mambo ambayo hawajapata kuwaambia hata wenzi wao. Programu ninayotumia inaonyesha alama ya kufuli na maneno kwamba mazungumzo yamesimbwa. Je, hilo latosha kumhakikishia mteja wangu kwamba hakuna mtu wa tatu anayeweza kusikia? — Mshauri nasaha

Ndugu mshauri, halitoshi. Kusimba ni kuyageuza mazungumzo kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, na kwa hiyo swali la kuuliza kila mara ni ufunguo huo uko kwa nani. Katika mpango wa kawaida, sauti na picha yako husimbwa inapotoka kwenye simu yako kwenda kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake kuu zinazopitisha mazungumzo, kisha husimbwa tena kutoka huko kwenda kwa mwenzako. Mtu anayedukua mtandao njiani haambulii kitu, lakini kampuni yenyewe ina ufunguo, na mwenye ufunguo anaweza kufungua akitaka, akilazimishwa na mamlaka, au akiibiwa. Usimbaji wa mwisho hadi mwisho ni kitu kingine kabisa: funguo hutengenezwa na kubaki ndani ya vifaa vya wale wanaozungumza, na seva hupitisha tu fumbo ambalo yenyewe haiwezi kulifumbua. Kufuli linalochorwa kwenye kioo linaweza kumaanisha mpango wowote kati ya hiyo miwili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa kampuni ya Zoom, ambayo idadi ya washiriki wa mikutano yake kwa siku ilipanda kutoka takriban milioni 10 mwishoni mwa mwaka 2019 hadi zaidi ya milioni 200 mwezi Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya janga la korona. Kampuni hiyo ilitangaza kwamba mikutano yake inalindwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho, wa biti 256 (biti hupima urefu wa ufunguo, na ufunguo mrefu ni mgumu zaidi kukisiwa). Mwezi Aprili 2020 watafiti wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto, walionyesha kwamba ufunguo uliotumika ulikuwa wa biti 128, na kwamba nyakati nyingine ufunguo ulipitia seva zilizoko China hata pale ambapo washiriki wote walikuwa nje ya nchi hiyo. Novemba mwaka huo huo Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza makubaliano na kampuni hiyo, baada ya kuituhumu kwamba tangu angalau mwaka 2016 ilikuwa ikiwapotosha watumiaji, kwa kuwa funguo ilikuwa nazo yenyewe. Kampuni ilitakiwa kuanzisha mpango kamili wa usalama na kukubali kukaguliwa na mtu wa nje kila baada ya miaka miwili, lakini haikutozwa faini hata senti moja, na makamishna wawili kati ya watano walipinga makubaliano hayo. Nakubaliana na hao wawili. Mtu aliyeeleza siri ya ndoa yake au ya ugonjwa wake akiamini ahadi ile hakurudishiwa chochote kwa uamuzi huo. Ilibidi watumiaji wenyewe waende mahakamani, ambako mwaka 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 85 ili kumaliza kesi yao, bila kukiri kosa.

Sasa turudi kwenye chumba chako cha kazi. Signal, WhatsApp na FaceTime husimba simu za video mwisho hadi mwisho bila wewe kuwasha chochote. Zoom ilianza kutoa usimbaji huo Oktoba 2020, lakini ni lazima uuwashe mwenyewe katika mipangilio, na unapouwasha baadhi ya huduma huzimika, mathalani kurekodi na kuhifadhi kwenye seva za kampuni. Kuzimika huko ni ushahidi mzuri: ikiwa kampuni inaweza kukurekodia mkutano kwenye seva zake, basi mkutano huo inauona. Itazame alama iliyo pembeni mwa kioo. Zoom ilipoanzisha huduma hiyo, ngao ya kijani yenye alama ya vema katikati ilimaanisha usimbaji wa kawaida, na ngao ile ile yenye kufuli katikati ilimaanisha wa mwisho hadi mwisho. Tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye haraka haioni. Upo pia mlolongo wa tarakimu ambao mwenye mkutano anaweza kuusoma kwa sauti, na mteja akathibitisha kwamba kwenye kioo chake zimeandikwa zile zile. Inachukua nusu dakika, nami ningeufanya kuwa mwanzo wa kila kikao.

Hata hivyo, liko jambo ambalo usimbaji wa aina yoyote haulifichi kwa kampuni: nani alizungumza na nani, saa ngapi, kwa muda gani, na kutoka anwani gani ya mtandao. Kwa kazi yako, kule kujulikana tu kwamba fulani huzungumza na mshauri kila Jumanne jioni ni siri tayari iliyovuja. Usiandike jina la mteja wala neno "ushauri" kwenye kichwa cha mkutano, na umweleze ukweli ulivyo: maneno yetu yamefungwa, lakini kampuni inajua kwamba tumekutana.

Ndugu Mhariri, nikibonyeza kitufe cha kunyamazisha sauti yangu, je, programu huacha kusikiliza kweli? — Msomaji mwenye mashaka

Ndugu msomaji, mashaka yako yana msingi. Umewahi kuanza kusema huku umejinyamazisha, ukaona maandishi yanakukumbusha kwamba sauti yako imezimwa? Programu isingeweza kukukumbusha kama haikuwa ikisikia. Kitufe kile huwazuia washiriki wenzako wasikusikie, lakini mara nyingi hakiinyimi programu yenyewe kipaza sauti. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walichunguza programu mashuhuri za mikutano wakakuta kwamba moja kati yake iliendelea kutuma kwenye seva zake takwimu za sauti wakati mtumiaji amejinyamazisha. Hayakuwa maneno, yalikuwa vipimo vya ukubwa wa sauti, lakini kwa vipimo hivyo tu watafiti waliweza kukisia, kwa usahihi wa wastani wa asilimia 82, kama mtu alikuwa akipika, akisafisha au akichapa.

Walio na simu za iPhone zenye iOS 14 au zaidi, na za Android 12 au zaidi, watazame juu ya kioo: nukta ndogo huwaka kipaza sauti au kamera inapotumika, na nukta hiyo huwekwa na mfumo wa simu, si na programu. Kwenye kompyuta, kujiunga kupitia kivinjari, yaani kile unachofungulia tovuti, ni afadhali kuliko kupakua programu, kwa sababu kivinjari ndicho kinachoshika mlango wa kipaza sauti. Na kwa mazungumzo ya nyumbani yasiyopaswa kusikika na mtu, chomoa kipaza sauti au toka kwenye mkutano kabisa.

Mhariri, nafanya kazi kutoka nyumbani. Mwajiri wangu ametuagiza tuache kamera ikiwaka muda wote wa kazi, na siku hizi kila mkutano unanukuliwa na programu ya akili bandia ambayo hatukuulizwa kuihusu. Je, nina haki yoyote ya kukataa? — Mfanyakazi

Ndugu mfanyakazi, jibu kamili liko katika mkataba wako na sheria ya nchi uliyomo, lakini usikubali kuambiwa kwamba jambo hili halina mjadala. Mwaka 2022 mahakama moja ya Uholanzi iliamua kesi ya mtu aliyefukuzwa na kampuni ya Marekani kwa kukataa kuacha kamera ikiwaka siku nzima. Alikuwa amesema kwamba kutazamwa saa tisa kwa siku kunamfanya asiwe na raha, na kwamba kampuni tayari ilikuwa ikiona kila anachofanya kwenye kompyuta yake. Mahakama ilisema agizo lile linakiuka haki ya mtu kuheshimiwa faragha yake, na ikaamuru alipwe takriban euro 75,000. Mwaka huo huo jaji wa shirikisho katika jimbo la Ohio, Marekani, aliamua kwamba chuo kikuu cha umma kilivunja katiba kilipomtaka mwanafunzi azungushe kamera kuonyesha chumba chake cha kulala kabla ya mtihani. Uamuzi wa nchi moja haumfungi mwajiri wa nchi nyingine, lakini hoja zake unaweza kuzibeba: nyumba haigeuki kuwa ofisi kwa sababu kompyuta imewashwa ndani yake.

Kuhusu kunukuu, uliza kwa maandishi mambo matatu: nakala inahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani anaweza kuisoma, na kama inatumika kuifundisha akili bandia. Swali la mwisho si la kubahatisha. Agosti 2023 watu waligundua kwamba masharti mapya ya Zoom yalikuwa yameandikwa kwa namna iliyoonekana kuiruhusu kampuni kutumia maudhui ya wateja kwa kazi hiyo. Kelele zilipozidi, kampuni ilirekebisha masharti yake mwezi ule ule na kutamka kwamba sauti, video na ujumbe wa wateja hautumiki kuifundisha mifumo yake. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba watumiaji wanaosoma masharti na kupaza sauti husikilizwa. Ukiweza, uliza pamoja na wenzako, maana barua yenye majina kumi hujibiwa upesi kuliko ya mtu mmoja.

Ndugu Mhariri, mtu asiyejulikana aliingia katika somo la mtandaoni la mwanangu akaonyesha picha chafu. Shule inasema haikuwa na namna ya kuzuia. — Mama mzazi

Pole sana, mama. Namna ilikuwepo. Visa hivi vilienea mno mwaka 2020 hata shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likatoa onyo mwezi Machi, na siku chache baadaye Zoom ikaanza kuweka nenosiri na chumba cha kusubiria bila mtumiaji kulazimika kuviwasha mwenyewe. Mwambie mwalimu asisambaze kiungo hadharani, amkague kila anayesubiri kabla ya kumruhusu, na awanyime washiriki uwezo wa kuonyesha kioo chao.

Mhariri, niliifuta programu ya simu za video kwenye simu yangu miezi sita iliyopita, lakini bado napokea barua pepe zao. Je, taarifa zangu bado wanazo? — Msomaji

Bila shaka wanazo, ndugu yangu. Kufuta programu ni kuiondoa kwenye simu. Akaunti hubaki kwenye seva mpaka uifunge kwa mipangilio ya akaunti yenyewe. Kabla hujaifunga, nakushauri uombe kwanza nakala ya vyote walivyonavyo, kwa sababu ukishafunga utakuwa huna pa kuingilia. Mimi mwenyewe niliwahi kuiomba kampuni moja nakala yangu. Jibu la kwanza lilikuwa kiungo cha kunipeleka kwenye sera yao ya faragha. Nilipoandika tena, faili likaja baada ya wiki tatu. Ndani yake nilikuta aina ya kila simu niliyotumia, anwani za mtandao nilizounganishia, sekunde niliyoingia na kutoka katika kila mkutano, na kichwa cha mkutano mmoja kilichotaja ugonjwa wa ndugu yangu. Nilikuwa nimekisahau, wao hawakukisahau.

Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inampa mtu haki ya kupewa nakala ya taarifa zake na, katika hali nyingi, haki ya kutaka zifutwe, na kampuni inatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja, muda unaoweza kuongezwa miezi miwili kama ombi ni gumu. Nchi nyingi nje ya Ulaya sasa zina sheria zinazofanana nayo. Fahamu tu kwamba mkutano uliorekodiwa na mwajiri au shule uko katika akaunti yao, na kampuni ya programu itakuelekeza kwao. Kwa hiyo waandikie wote wawili. Maneno haya yanatosha, na unaweza kuyanakili kama yalivyo:

"Naomba nakala ya taarifa zangu zote binafsi mnazohifadhi, pamoja na maelezo ya mlikozipata, mnazitumia kwa kazi gani, mmewapa akina nani, na mtazihifadhi hadi lini. Nikishapokea nakala hiyo, naomba mfunge akaunti yangu na kufuta taarifa hizo, na mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmezifuta. Ikiwa zipo mnazokusudia kubaki nazo, nitajieni kila moja na sababu ya kisheria inayowaruhusu."