Maswali ya Wasomaji: Samaki Niliyemvua Mwenyewe Naweza Kumfuga Nyumbani?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tangi la maji chumvi, tukadhani tumemaliza, kumbe tumechokoza nyuki. Barua zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa mlango tofauti, yani samaki wa baharini ambaye hujamnunua popote, umemtoa mwenyewe majini, ukimuweka sebuleni ni halali au ni kesi? Nimechagua tano.

Mhariri habari za kazi. Wiki mbili zilizopita nilienda ufukweni na mwanangu, maji yamekupwa, tukakuta kidimbwi kwenye mawe kina visamaki vidogo vya mistari, tukavizoa vitatu tukaja navyo kwenye ndoo. Viko kwenye tangi mpaka leo, vinakula vizuri tu. Juzi shemeji yangu kaja kaviona kasema hiyo ni kesi, naweza kufungwa. Sasa mi najiuliza, watu wanavua kila siku wanakula, mimi ambaye sijaua hata kimoja ndo nifungwe? – Baba wa Ndoo

Baba wa Ndoo, shemeji yako hajakosea sana ila kaanzia mwisho. Kufungwa ni mbali, lakini kesi inaweza kuwepo, na hilo la kwamba hujaua halikusaidii kitu. Sheria za uvuvi sehemu nyingi haziulizi samaki umemla au umemfuga, zinauliza umemtoa. Ukishamtoa majini ukaondoka naye basi umevua, hata kama ulitumia ndoo ya kuogea na mtoto wa miaka sita.

Sasa ukishakubali kwamba umevua, maswali yanakuja kwa mfululizo, na ukikwama kwenye moja tu yale mengine hayakuokoi. La kwanza ni wapi. Kama kile kidimbwi kiko ndani ya hifadhi ya bahari au eneo lililofungwa, tumeishamaliza, hata kombe tupu hutakiwi kuokota. Na vidimbwi vya mawe ndo hasa vinavyofungwafungwa, manake vinafikika kwa miguu na kila anayepita anabeba kitu. Kuna mahali bango lipo wazi kabisa na kuna mahali mpaka uangalie ramani, na kusema "sikuona bango" mbele ya afisa ni kupoteza pumzi.

La pili ni nani huyo uliyemchukua. Kuna aina zimekatazwa kwa jina. California kuna samaki anaitwa garibaldi, wa rangi ya chungwa kali, anang'aa mpaka unamuona ukiwa juu ya jiwe, na ndo samaki rasmi wa bahari wa jimbo lile tangu 1995. Kumvua marufuku. Mgeni asiyejua atamuona yeye wa kwanza na atamtamani yeye wa kwanza, ndo ubaya wenyewe. Kwahiyo kabla hujazoa lazima umjue samaki kwa jina lake kamili, maana "visamaki vya mistari" wapo mamia, na wengine wakikua hiyo mistari yenyewe hawana tena.

La tatu ni leseni, na hapa ndo watu wengi wanateleza. Sehemu nyingi unahitaji leseni hata ukivua kwa kujifurahisha, sehemu nyingine huhitaji, lakini hata ukiwa nayo soma vizuri imeandikwa nini. Leseni ya kuvua samaki wa kula si lazima ikuruhusu kuondoka na samaki akiwa hai, mara nyingi kusafirisha samaki hai ni kibali kingine kabisa. Florida wao wamelinyoosha, mtu wa kawaida mwenye leseni ya uvuvi wa burudani anaruhusiwa kuchukua viumbe wa mapambo, jumla wasizidi 20 kwa siku na wa aina moja wasizidi 5, na lazima wafike nchi kavu wakiwa hai, sio unawalundika kwenye mfuko wakifa unatupa. Mi sheria ya namna hiyo naipenda kwa kweli, inamtambua mfugaji kama mfugaji. Kwingine utakuta kanuni iliandikwa kwa ajili ya mvuvi wa kitoweo tu, wewe wa tangi hata hujatajwa, na kutokutajwa usikuchukulie kama ruhusa.

Halafu kuna chombo. Wavu mdogo wa mkono ndo unaokubalika mahali pengi, dawa ya kulewesha samaki kamwe usiguse. Tangu miaka ya 1960 kule Ufilipino wavuvi walikuwa wanapuliza sumu ya sianidi kwenye matumbawe ili samaki alegee ashikwe kirahisi, sa hivi ni haramu huko na Indonesia pia, lakini hajaacha kila mtu. Samaki wa hivyo unaweza kumuona mzima, anang'aa, anaogelea, halafu baada ya siku kadhaa anakufa bila ugonjwa wowote unaoonekana. Na matumbawe aliyokuwa amejificha yanakufa pia.

Na kitu cha mwisho hakuna anayekuambia. Samaki akishaingia kwenye tangi hajatoka kwenye hesabu. Kama kanuni ya kwenu inaweka kikomo cha samaki ambao mtu anaweza kuwa nao, wale walioko sebuleni wanaweza kuhesabiwa humohumo. Kwahiyo chukua daftari andika tarehe, mahali, aina, wangapi, namba ya leseni, piga na picha siku hiyohiyo. Afisa akija baada ya mwaka anamkuta samaki, hajui umemtoa wapi, na wewe huna cha kumuonyesha.

Kwa hao watatu wako, nenda ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe, usiulize "kuvua kunaruhusiwa?" maana watakujibu ndio uende zako. Uliza hivi: nataka kuchukua samaki hai, aina hii, eneo hili, kwa ajili ya tangi la nyumbani, na nisiuze. Omba jibu kwa maandishi. Na wakikwambia ulikosea usikimbilie kuwarudisha, soma jibu la mwisho hapo chini kwanza.

Mjomba wangu ni mvuvi wa madema, ile mitego ya kikapu, kila akitoa dema anakuta na vichewa vidogo saizi ya kidole gumba. Anasema haviuziki, anavitupa. Si bora anipe mimi nivifuge? – Mpenda Chewa

Ungekuwa na akili ya biashara ungesema huu ni uokoaji, na mi ningekupigia makofi, tatizo sheria haioni hivyo. Samaki wengi wa kitoweo wana urefu wa chini unaoruhusiwa, akiwa chini ya hapo anarudi majini palepale. Sasa angalia mtego ulivyo: wewe wa tangi unamtaka mdogo kwa sababu mkubwa hatoshi, na sheria inamkataza mdogo kwa sababu bado hajazaa hata mara moja. Yani yule anayekufaa wewe ndiye hasa aliyekatazwa. Kumuweka hai hakubadilishi kitu, ana sentimita pungufu basi. Mjomba leseni yake anaweza kuihatarisha kwa ajili ya zawadi ya mpwa, na kama kuna hela imepita hapo katikati basi ni biashara ya samaki hai, kibali kingine tena.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na chewa mdogo, wa halali huyo, hakuwa na urefu wa chini. Niliweka na wenzake sita. Baada ya miezi minne alikuwa peke yake, kanenepa, ananiangalia tu. Na kuna chewa wanaopita mita 2, hilo tangi utaliweka chumba gani?

Nikisafiri nje nimepata farasi-bahari wawili na jiwe la matumbawe lenye wadudu wadudu, nimepewa na mtu wa boti, sijanunua. Nikija navyo nyumbani kuna shida? – Msafiri

Shida ipo, tena uwanja wa ndege ndo utaijua. Kuna mkataba wa kimataifa unaitwa CITES, ulianza kazi 1975, unasimamia viumbe pori wanapovuka mipaka ya nchi. Farasi-bahari wote waliingizwa humo, uamuzi ulipita 2002 ukaanza kutumika 2004. Matumbawe magumu yamo. Jiwe lenyewe, kama ni mifupa ya matumbawe, linahesabiwa kama matumbawe hata kama hakuna kilicho hai juu yake, na wale chaza majitu nao wamo. Haimaanishi biashara yake ni marufuku kabisa, inamaanisha unahitaji kibali kutoka nchi unayotoka, na nchi nyingi zinadai na cha kuingilia. Kwamba ulipewa bure haisaidii.

Na kuna farasi-bahari wanaozalishwa kwenye matangi, hao ndo nakushauri, wamezoea kula chakula kilichogandishwa. Yule wa porini mara nyingi anataka kitu kinachotembea, utamuona anakonda mbele ya sahani imejaa. Ila karatasi za kuvuka mpaka zinadaiwa hata kwa huyo wa tangini, usije ukasema nilikuambia hazihitajiki.

Kibali ninacho, leseni ninayo, eneo ni halali. Wanakufa tu! Ndani ya siku tatu wote wamekufa, nimekosea wapi? – Nimechoka

Pole ndugu. Hujaniambia tangi lina muda gani, lakini mtu akisema siku tatu mi nafikiria amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, inachukua kama wiki 4 mpaka 6 mpaka wakae sawa, kwahiyo tangi linatakiwa lianze kabla hata hujaenda baharini. Watu wanafanya kinyume, wanavua leo wananunua kioo kesho.

Cha pili niambie ulivua kina gani. Samaki mwenye kibofu cha hewa ukimtoa mita 20 ukampandisha haraka, ile hewa ndani yake inapanuka kama mara tatu. Utamuona anaelea ubavu, tumbo limevimba, macho yametoka. Wazamiaji wa kazi hii wanampandisha kwa vituo, pole pole, wengine wanamtoboa kwa sindano na hiyo usijaribu kama hujafundishwa. Kwa mtu wa nyumbani jibu ni rahisi, vua maji mafupi tu. Na yule wa vidimbwi vya kupwa ndo bora kuliko wote, kazoea maji yanayochemka mchana na mvua inayopunguza chumvi ghafla, tangi lako kwake ni starehe. Samaki anayeitwa kipepeo-bahari, yule anayekula matumbawe tu, muache alipo, hata awe halali namna gani, atakufa njaa kwako na unamuangalia.

Njiani tumia pampu ya hewa ya betri, ndoo yenye kifuniko, giza, samaki wachache. Ukifika usimmwage, muongezee maji ya tangi kidogo kidogo mpaka chumvi na joto vifanane. Halafu akae peke yake kwenye tangi la karantini kama mwezi hivi. Wa porini anakuja na wageni wake, yani vimelea, vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ukiviona ujue tayari, na dawa ya shaba inayoviua inaua na konokono na kamba wako wote, ndo maana tunasema tangi tofauti.

Nahama nyumba, tangi haliendi. Samaki nilimtoa baharini mwenyewe kwa kibali, si nimrudishe tu alikotoka? – Nahama

Hapana. Najua inauma maana inaonekana ndo jambo la utu zaidi, kumuachia huru, watoto wanapiga picha. Lakini huyo samaki amekaa na wenzake, mawe, maji na chakula kutoka kwingine, anaweza kubeba vimelea ambavyo huko kwao havikuwepo, na wewe kwa macho huvioni. Sehemu nyingi kumrudisha bila ruhusa ni kosa lenyewe, tofauti kabisa na kosa la kumvua.

Na kama sio wa bahari hiyo ndo usiseme. Samaki-simba, yule wa mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, kwao ni bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 akaonekana Florida, na inaaminika walitoka kwenye akwariamu za watu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai kama milioni 2 kwa mwaka. Leo wamejaa Karibi yote. Sio samaki tu, hata maji usimwage kwenye mtaro unaoenda baharini, kuna mwani vamizi wa kwenye matangi unaitwa Caulerpa, ulipokutwa California mwaka 2000 iliwachukua mpaka 2006 kutangaza umeisha.

Mtafutie mfugaji mwingine, umpe pamoja na lile daftari na nakala ya kibali, ila uliza ofisi kwanza maana vibali vingine havihamishiki. Akwariamu ya umma pia uliza, japo wengi wamejaa na watakukatalia. Ukikosa kabisa, daktari wa wanyama anaweza kumuua bila maumivu.