Jibu: Sukari kupanda kwa mtoto mwenye talasemia

Pole sana dada. Umeuliza kama sukari ya kijana wako wa miaka 11 imepanda kwa sababu ya juisi na halua. Usijilaumu. Talasemia ni ugonjwa wa kurithi ambao mwili hautengenezi damu nzuri ya kutosha, kwa hiyo mtoto anaongezewa damu tangu mdogo, na kila mfuko wa damu una takriban miligramu 200 za madini ya chuma. Mwili hauna njia ya kuyatoa. Kwa siku hupoteza kama miligramu moja tu. Yanayobaki hujilundika kwenye ini, moyo na kongosho. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni ya kushusha sukari, huharibika polepole, na ini likijaa chuma, hata insulini iliyopo haifanyi kazi sawasawa.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza: HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwake kinadanganya, maana damu nyingi aliyonayo ni ya watu wengine. Mwombe daktari kipimo cha kunywa maji ya glukosi, kisha sukari ipimwe tena baada ya saa mbili. Ikifika 11.1 mmol/L hicho ni kisukari, kuanzia 7.8 bado ni onyo. Kwa umri wake kifanyike kila mwaka.

Feritini yake, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, ikoje? Ikizidi 1000 ng/mL, uliza kuhusu dozi ya dawa ya kuondoa chuma. Na hakikisha anaimeza kweli! Wangu alikuwa akivificha vidonge chini ya godoro, nikavikuta siku ya kufua mashuka. Vitamini C usimpe bila daktari kujua.