KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) mpaka Los Angeles ni kilomita ngapi? Weka rula pembeni, chukua uzi

Mkuu uliyeuliza, umesema umechukua tofauti za latitudo na longitudo, ukatumia Pythagoras, ukazidisha mara 111, ukapata kama kilomita 17,700. Umezidisha vizuri, ila jibu limepita kwa karibu 2,000. Nyuzi (digrii) moja ya longitudo ni kilomita 111 kwenye ikweta tu. Ukipanda kaskazini mistari ile inabanana, na usawa wa Los Angeles inabaki kama 92. Sisi huku tuko jirani na ikweta, tofauti hiyo hatuioni, ndiyo maana wengi tunateleza hapo.

Nafundisha hesabu hapa Moshi, na kwa miaka mingi ubao peke yake haukunitosha kulieleza jambo hili. Siku moja nikaomba uzi mweusi kwa fundi cherehani jirani na shule, nikaingia darasani na tufe la plastiki. Mwanafunzi mmoja akabana ncha ya uzi kwa kidole pale Kilimanjaro, mwenzake Los Angeles. Wote walitegemea uzi upite Kongo na kuvuka Atlantiki. Tulipoukaza, ukateleza wenyewe kwenda juu: Sudan, Libya, kaskazini mwa Hispania, bahari, Kanada, ndipo ukashuka. Darasa likanyamaza kabisa. Tukaupima, sentimita 37. Tufe lina mzunguko wa sentimita 94 na dunia kilomita 40,000, kwa hiyo kila sentimita ni kama kilomita 425. Tukapata 15,700 na ushee, kwa uzi wa cherehani!

Ukitaka kwa kikokotoo, zidisha saini (sin) za latitudo mbili. Halafu zidisha kosaini (cos) zake, mara kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu hayo mawili. Hiyo ni kosaini ya pembe unayoitafuta, yaani pembe kati ya sehemu hizo mbili ukipimia katikati ya dunia. KIA ni −3.43 (kusini) na 37.07 mashariki, Los Angeles ni 33.94 kaskazini na 118.41 magharibi. Mmoja yuko mashariki, mwingine magharibi, kwa hiyo longitudo unazijumlisha: 155.48. Utapata −0.787; ukiigeuza kwa cos⁻¹ ni pembe ya nyuzi 141.9. Hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii, si radiani. Hapo vijana wangu wengi hukwama. Zidisha kwa 60 upate maili za baharini, kisha kwa 1.852: takriban kilomita 15,770.

Ndege yenyewe huzidisha kidogo kwa sababu ya upepo na njia za anga, na kutoka KIA lazima ubadilishe ndege mahali. Hapo ndipo hesabu hii inanifurahisha sana. Kupitia Amsterdam ni 6,900 kujumlisha 8,950, yaani 15,850. Umeongeza kilomita 80 hivi tu, ingawa kwenye ramani ya ukutani unaonekana umezunguka mno. Kupitia Doha ni karibu 16,900.